Kwa nini chembe za dhahabu hazikai mpakani mwa maji na mafuta mpaka utie spiriti?

#1 Kitulo_Maabara
Wakuu, heri ya jioni kutoka Mbeya. Ninasaidia wanafunzi wa mwaka wa tatu katika maabara ya chuo kimoja hapa mjini, na kuna jambo linatusumbua ambalo vitabu vyetu vinalipita haraka mno.

Tunatengeneza koloidi ya dhahabu, yaani chembe ndogo mno zinazoelea ndani ya maji bila kutuama, kwa njia ya Turkevich ya mwaka 1951. Chumvi ya dhahabu iliyoyeyushwa katika maji inachemshwa, sitrati ya sodiamu inamiminwa kwa mkupuo mmoja, na baada ya dakika chache kimiminika kinapoteza umanjano wake, kinapita kwenye weusi wa buluu, kisha kinatulia kwenye wekundu wa juisi ya rozela. Chembe zinazopatikana zina kipenyo cha takriban nanomita 15. Tukishapoza, tunamwaga heksani juu yake taratibu ili tupate vimiminika viwili visivyochanganyika, mafuta juu na maji mekundu chini. Hapo hakitokei kitu hata ukiiacha chupa usiku kucha.

Lakini ukidondosha ethanoli (spiriti) kwa pipeti kandokando ya kioo, mpakani, pale spiriti inapoingilia, hujitokeza madoa ya samawati, madoa yanaungana, na ghafla mpaka wote unakuwa utando unaong'aa rangi ya dhahabu ukiutazama kwa juu, na wa samawati ukiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Wekundu wa maji ya chini unafifia kwa kadiri utando unavyoenea, kwa hiyo ni wazi kwamba chembe zimehama kutoka kwenye maji.

Swali langu ni hili: spiriti imefanya nini hasa? Ethanoli hupunguza mvutano wa uso kati ya maji na mafuta, na kwa ninavyoelewa, mvutano huo ndio unaozishika chembe mpakani. Inakuwaje kitu kinachopunguza nguvu ya kushika ndicho kinachosababisha zishikwe?

#2 MzeeWaLupa
Mleta uzi, shikamoo kwa wakubwa na marahaba kwa wadogo. Mimi si mtu wa maabara, ila nimeosha dhahabu Chunya tangu ujana. Ninachokijua ni kwamba dhahabu ina uzito mara kumi na tisa ya maji, na kwenye karai kila kitu huondoka isipokuwa yenyewe. Kwa hiyo kukaa kwake katikati si tabia yake, ni lazima kuna kinachoibeba. Spiriti ni nyepesi kuliko maji, ukiitia chini inapanda, na ikipanda inazikokota chembe mpaka inapokutana na mafuta.

#3 Isyesye_Fizikia
Mzee wangu, shikamoo. Hoja ya uzito ina nguvu kwenye karai lakini inaisha nguvu tunaposhuka kwenye nanomita. Chukua chembe ya dhahabu yenye kipenyo cha nanomita 10. Uzito wake, ukiondoa msukumo wa maji kwenda juu, ni mdogo kiasi kwamba mtikisiko wa kawaida wa joto la chumba unatosha kuiinua takriban sentimita 4 kabla uzito haujaonekana. Ndiyo maana koloidi nzuri ya dhahabu inaweza kukaa miaka bila kutuama; zipo chupa alizotengeneza Michael Faraday katika Royal Institution ya London miaka ya 1850 ambazo hadi leo zina rangi. Kwa hiyo tuuache uzito.

Kuhusu nguvu inayoshika: maelezo ya kawaida ni ya Pieranski, aliyeandika mwaka 1980 kuhusu tufe ndogo za polistirini zilizojipanga juu ya uso wa maji. Mpaka kati ya maji na mafuta una gharama ya nishati kwa kila kipande cha eneo. Chembe ikijipachika pale, inaziba tundu katika mpaka huo, na eneo lililozibwa halilipiwi tena. Kwa maji na heksani gharama hiyo ni takriban milinyutoni 50 kwa mita. Kwa chembe ya nanomita 10 iliyozama nusu upande huu na nusu upande ule, nishati ya kuing'oa ni takriban mara 950 ya nishati ya mtikisiko wa joto. Haing'oki.

Ila hesabu hiyo inategemea pembe ya mguso, yaani chembe imezama kiasi gani upande wa maji. Kwenye nyuzi 90 unapata hiyo 950. Kwenye nyuzi 60 unapata robo yake. Kwenye nyuzi 30, kwa chembe inayopenda maji kupita kiasi, unabaki na takriban 17 tu. Kwa hiyo mleta uzi, jibu langu ni fupi: ethanoli inapunguza mvutano, ni kweli, lakini inaisogeza pembe ya mguso kuelekea 90, na faida ya pembe inaishinda hasara ya mvutano.

#4 BintiWaGangilonga
Salamu kutoka Iringa. Namheshimu Isyesye_Fizikia, lakini maelezo yake yana tundu. Hata hiyo 17 inatosha. Chembe iliyokamatwa kwa nguvu mara 17 ya mtikisiko wa joto hukaa pale kwa muda ambao jicho lingeweza kuuona, na mleta uzi anasema bila spiriti hakitokei kitu usiku kucha. Swali si kwa nini chembe zikifika zinakaa. Swali ni kwa nini hazifiki.

Jibu lipo kwenye sitrati. Kila chembe imevikwa ioni za sitrati zenye chaji hasi, na chaji hiyo ndiyo inayozizuia zisigandamane ndani ya maji. Mafuta hayawezi kubeba chaji kama maji yanavyobeba, kwa hiyo chembe yenye chaji ikikaribia mafuta inasukumwa nyuma. Aidha, ile ya kwanza ikifanikiwa kufika, inawasukuma wenzake wanaofuata, kwa sababu wote wana chaji ya aina moja. Kundi la Utrecht nchini Uholanzi, Reincke na wenzake, waliliandika jambo hili mwaka 2004 kwa jaribio ambalo ni karibu lilelile la mleta uzi: maji, heptani, ethanoli. Walieleza kwamba ethanoli inapunguza chaji iliyo juu ya chembe. Chaji ikipungua, mlango unafunguka.

#5 Isyesye_Fizikia
Dada, umeisoma vizuri, lakini hukuimaliza. Watu haohao wa Utrecht walizungumzia na pembe ya mguso pia. Chaji ikipungua, chembe inapenda maji kidogo zaidi ya mwanzo, na pembe inasogea. Haya mawili huwezi kuyatenganisha kama unavyotaka.

#6 BintiWaGangilonga
Naweza, na nitayatenganisha. Nipe muda nimalize kazi.

#7 Fundi_Mafinga
Wakuu, mimi ni fundi wa redio na simu hapa Mafinga. Chumvi ya dhahabu sina na sitakuwa nayo, ila uzi huu umenifanya nijaribu kwa vilivyopo dukani. Nilichukua kile kijiti cheusi cha katikati ya betri kubwa ya redio, nikakisugua kwa msasa laini hadi nikapata unga, nikautia kwenye chupa ya kioo yenye maji na mafuta ya taa, nikatikisa kwa nguvu. Baada ya kutulia, unga wote umekaa mpakani, na umepanda kidogo kwenye kuta za chupa kati ya kioo na mafuta. Maji ni meupe kabisa, mafuta ni meupe kabisa. Sikutia spiriti hata tone.

Ila nilipojaribu na risasi ya penseli iliyosagwa, sehemu ilikaa mpakani na sehemu ikazama kwenye maji kama tope la kijivu. Kwa nini dhahabu ya mwalimu inahitaji spiriti na kaboni yangu haihitaji?

#8 Tukuyu_Mvua
Fundi, tahadhari kwanza. Ule unga mweusi unaokizunguka kijiti ndani ya betri si kaboni tupu, ni dioksidi ya manganizi iliyochanganywa na kaboni na chumvi za zinki. Usiuguse kwa mikono mitupu, na usiwape watoto waicheze chupa hiyo. Kijiti chenyewe hakina shida kubwa, ingawa huwa kimelowekwa nta au lami ili kisipitishe unyevu, na nta hiyo inaweza kukupa matokeo mazuri kuliko yanavyostahili kuwa.

Risasi ya penseli si grafiti tupu. Ni grafiti na udongo wa mfinyanzi vilivyochomwa pamoja. Udongo unapenda maji, grafiti haipendi, ndiyo maana umepata mgawanyiko. Umefanya uchenjuaji bila kujua.

#9 Isyesye_Fizikia
Jaribio la Fundi linaniunga mkono. Grafiti haina koti la sitrati, haipendi maji sana, pembe yake ya mguso tayari iko mahali pazuri, kwa hiyo inakwenda mpakani bila kuombwa. Spiriti ni ya yule ambaye pembe yake ni mbaya.

#10 BintiWaGangilonga
Linaniunga mkono mimi. Grafiti haina chaji ya kutajwa, kwa hiyo haina kizuizi. Tena Fundi *alitikisa*. Mleta uzi alimwaga heksani taratibu. Unapotikisa unatengeneza matone mengi, eneo la mpaka linaongezeka maradufu na zaidi, na chembe zinagongwa na mpaka kwa nguvu ambayo hata kizuizi cha chaji hakiwezi kuihimili. Mleta uzi, umewahi kuitikisa hiyo chupa yako bila spiriti?

#11 Kitulo_Maabara
Tumetikisa, dada. Tukitikisa koloidi na heksani bila spiriti, tunapata emulsheni, yaani matone ya kimiminika kimoja ndani ya kingine, inayovunjika haraka, na kwenye kuta za chupa panabaki alama hafifu sana ya samawati ambayo mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyeapa kuiona. Wekundu wa maji haupungui kwa jicho. Tukitikisa *pamoja na* spiriti, utando unapanda hadi kwenye shingo ya chupa na unatambaa juu ya kioo, unang'aa kweli kweli.

#12 Tukuyu_Mvua
Kabla hatujaendelea, mleta uzi, Mbeya ipo juu karibu mita 1,700. Maji yako yanachemka takriban nyuzi 94, si 100. Umehakikisha kwamba chembe zako ni nanomita 15 kweli, au umesoma kitabuni na kuamini? Maana mapishi ya Turkevich yaliandikwa na watu wanaoishi karibu na bahari, na nyinyi wa Mbeya hata maharage mnayachemsha mpaka kuni ziishe.

#13 Kitulo_Maabara
Haya, mwenye Tukuyu, wewe mvua haijakuachia nafasi ya kukausha kuni zenyewe. Tumepima kwa spektrofotomita: kilele cha unyonyaji wa mwanga kipo kwenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 520, kama inavyotarajiwa kwa chembe za ukubwa huo. Kilele peke yake hakitoshi kueleza ukubwa kwa usahihi, nakubali, lakini rangi si ya zambarau wala ya buluu, kwa hiyo hazijagandamana.

#14 MzeeWaLupa
Nimewasoma wote, asanteni. Sasa mnijibu hili. Sisi tulikuwa tukikamata dhahabu kwa zebaki. Zebaki nayo ni kimiminika, maji ni kimiminika, na dhahabu inanasa pale vinapokutana. Je, hiyo si habari ileile mnayoizungumzia, na Chunya walikuwa wanaifanya kabla ya hao Waholanzi?

#15 Isyesye_Fizikia
Mzee, inafanana kwa mbali lakini si ileile. Dhahabu haikai mpakani mwa zebaki na maji. Inalowana na zebaki kabisa, inaingia, na vinaungana kuwa aloi. Pembe ya mguso hapo imepita mpaka na kuangukia upande mmoja. Na tusisahau mvuke wa zebaki unavyoharibu mishipa ya fahamu ya wanaochoma ule mchanganyiko jikoni.

Ndugu wa karibu wa jaribio hili ni utenganishaji wa madini kwa mapovu, ambapo chembe za madini yasiyopenda maji hunasa kwenye povu na kupanda juu. Na hapa Fundi_Mafinga atafurahi: miongoni mwa hataza za mwanzo kabisa za kazi hiyo ni ile ya ndugu wawili wa Bessel wa Dresden, Ujerumani, mwaka 1877, na madini waliyokuwa wakiyasafisha kwa mafuta kidogo na mapovu yalikuwa grafiti. Udongo ulibaki kwenye maji, grafiti ikapanda. Ni mgawanyiko wako wa penseli, kwa kiwango cha kiwanda.

#16 Fundi_Mafinga
Nimefurahi kweli. Kumbe nimechelewa kwa miaka mia moja na arobaini hivi.

#17 Mkwawa_Kemia
Habari za humu. Nimeingia kwa kuchelewa, nirekebishe mawili matatu kisha niongeze langu.

Kwanza, katika mabandiko yote hakuna aliyetaja kwamba dhahabu ya Faraday yenyewe ilizaliwa mpakani mwa vimiminika viwili. Katika mhadhara wake wa 1857 alieleza jinsi alivyoweka fosforasi ndani ya disulfidi ya kaboni, kimiminika kizito kisichochanganyika na maji, na mmumunyo wa chumvi ya dhahabu juu yake. Brust, Schiffrin na wenzao wa Liverpool waliitaja kazi hiyo walipochapisha mwaka 1994 njia yao ya maji na toluini, ambayo sasa inatumiwa kila mahali. Kwa hiyo mpaka si mahali pa chembe kupumzikia tu. Unaweza kuwa mahali pa kuzitengenezea. Profesa C. N. R. Rao na kundi lake la Bangalore, India, walitengeneza utando wa dhahabu kwa namna hiyo: chumvi ya dhahabu ndani ya toluini, kemikali ya kuigeuza chumvi hiyo kuwa dhahabu ndani ya maji, na utando ukakua katikati.

Pili, matone yaliyovikwa chembe mara nyingi huitwa kwa jina la Pickering, aliyeandika mwaka 1907. Walter Ramsden alikuwa ameliandika jambo hilo mwaka 1903. Haki yake apewe.

Tatu, kuhusu ugomvi wenu wa pembe na chaji. Yapo majaribio ya Belfast, kundi la Bell, ya mwaka 2013, ambayo BintiWaGangilonga angepaswa kuyaleta yeye. Hawakutumia spiriti. Walitia kiasi kidogo cha chumvi ya tetrabutilamonia, yenye ioni kubwa za chaji chanya zinazopenda mafuta, wakatikisa. Utando ukatokea, na uso wa chembe ukabaki kama ulivyokuwa, bila kitu kipya kubandikwa juu yake. Ioni chanya zinakaa upande wa mafuta karibu na mpaka na kuifunika ile chaji hasi kutoka upande wa pili.

#18 BintiWaGangilonga
Asante sana, kaka wa Mkwawa. Hapo ndipo nilipokuwa ninaelekea. Kama uso wa chembe haukubadilishwa na utando umetokea, basi kilichobadilika ni msukumano wa chaji, na Isyesye_Fizikia atafute pembe yake kwingine.

#19 Isyesye_Fizikia
Sijaona kwa nini nitafute kwingine. Pembe ya mguso haiamuliwi na kilichobandikwa juu ya chembe peke yake. Inaamuliwa na gharama tatu: chembe na maji, chembe na mafuta, maji na mafuta. Ukileta ioni chanya jirani na chembe hasi, umebadilisha gharama ya chembe kukaa upande wa mafuta. Hiyo ni pembe. Belfast wameonyesha kwamba spiriti si ya lazima, jambo ambalo sikulikataa. Hawakuonyesha kwamba spiriti inafanya kazi kwa njia ileile.

#20 Mkwawa_Kemia
Hilo la mwisho ni kweli, na ni kosa ambalo hata wachapishaji hulifanya: njia mbili zinazofikisha mahali pamoja si lazima zipite daraja moja.

#21 Ludewa_Mkaa
Nimekuwa msomaji tu, ila nina swali la mtu wa kawaida. Haya yote yana faida gani kwetu? Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha alipata tuzo ya wahandisi wa Uingereza mwaka 2015 kwa chujio la maji la nano. Hiyo ndiyo teknolojia hii?

#22 Mkwawa_Kemia
Hapana, ndugu. Chujio lile linatumia mchanga na nyenzo za nano kunasa uchafu maji yanapopita. Halihitaji mpaka wa vimiminika.

Faida ya utando huu ipo kwingine. Chembe za dhahabu au fedha zikipangwa karibukaribu, mwanga unaozipiga unakusanyika kwenye nafasi finyu zilizo kati yao, na molekuli yoyote iliyonasa humo hutoa ishara ya Raman, yaani mwanga unaotawanywa kwa namna inayoitambulisha molekuli hiyo, yenye nguvu mara nyingi kuliko kawaida. Watu wanaitumia kutafuta mabaki ya viuatilifu kwenye maganda ya matunda. Kwa mkoa kama Njombe, wenye viazi na parachichi za kuuza nje, sihitaji kueleza zaidi. Kundi la Imperial College London lilichapisha mwaka 2017 kioo cha chembe za dhahabu kati ya vimiminika viwili ambacho kwa kubadilisha volti kidogo tu kinaweza kuakisi mwanga au kuupitisha. Na Brazili, Profesa Zarbin wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Paraná amefanya kazi ya miaka mingi ya kupanga grafini (karatasi nyembamba mno ya kaboni) na mirija ya kaboni mpakani mwa maji na mafuta, kisha kuihamishia kwenye kioo au plastiki.

#23 Ludewa_Mkaa
Nimeelewa faida, ila mashine ya Raman inauzwa bei gani? Mkulima wa Makambako ataipata wapi?

#24 Mkwawa_Kemia
Zipo za mkononi, na mkulima hatainunua. Ikinunuliwa, itakuwa ni ya ushirika au ya kituo cha ukaguzi. Tusiahidi zaidi ya hapo.

#25 Tukuyu_Mvua
Ninarudi kwenye swali la mleta uzi, maana naona linataka kutuponyoka, na pia nataka kumtetea MzeeWaLupa. Alisema kwenye #2 kwamba spiriti inapanda na kuzikokota chembe. Hoja ya uzito ilijibiwa, lakini hoja ya *mkondo* haikujibiwa na mtu. Ethanoli inapofika mpakani, mahali ilipofika mvutano unashuka, na mahali isipofika mvutano uko juu. Tofauti hiyo inavuta uso wenyewe kutoka penye mvutano mdogo kwenda penye mvutano mkubwa, na uso ukivutwa unaburuta maji yaliyo chini yake. Ni mkondo wa Marangoni, na ukiangalia chupa kwa jicho la makini wakati unadondosha utauona kama mawimbi madogo ya joto juu ya paa la mabati saa saba mchana. Mkondo huo unaweza kuzifikisha chembe mpakani kwa wingi ambao mtikisiko wa joto usingefikia kwa wiki.

Mleta uzi ametuambia pia kwamba madoa yanaanza kandokando, pale spiriti inapoingilia. Pembe na chaji haziwezi kueleza *mahali* utando unapoanzia. Mkondo unaweza.

#26 MzeeWaLupa
Ahsante mwanangu wa Tukuyu. Nilikaa kimya makusudi.

#27 BintiWaGangilonga
Mkondo unaeleza kasi, hauelezi kubaki. Kama chembe zinaletwa na mkondo lakini bado zina chaji yao yote, zitarudi majini mkondo ukitulia. Hazirudi.

#28 Isyesye_Fizikia
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na dada. Ila nami niulize: kwa nini ethanoli ikitiwa *ndani ya maji* kabla ya heksani, ikakorogwa vizuri, ndipo heksani imwagwe taratibu, bado utando unatokea? Katika hali hiyo hakuna tofauti kubwa ya mvutano wa kuanzisha mkondo. Mleta uzi, mmelifanya hilo?

#29 Kitulo_Maabara
Tumelifanya. Utando unatokea, lakini polepole, na una mianya mingi. Ukiuangalia kwa lenzi ni visiwa visiwa, si shuka moja. Spiriti ikidondoshwa mwishoni, utando ni mzuri zaidi. Kwa hiyo naona kila mmoja wenu ameshinda kipande, na swali langu lipo palepale.

Jambo jingine: spiriti ikizidi, rangi ya maji inageuka zambarau na kitu cheusi kinatuama chini. Kuna kipimo kati ya kidogo mno na kingi mno, na kipimo hicho ni chembamba.

#30 Mkwawa_Kemia
Hilo la zambarau ni ushahidi kwamba chaji kweli inapungua, kwa sababu chaji ndiyo iliyokuwa inazitenganisha ndani ya maji. Zikipoteza chaji kabla ya kufika mpakani, zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Ni mashindano ya nani anamkamata chembe kwanza, mpaka au mwenzake.

Na ukubwa una neno lake hapa. Lin, Russell na wenzao wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walionyesha mwaka 2003, kwa chembe za selenidi ya kadmiamu kati ya toluini na maji, kwamba chembe ndogo zilizokaa mpakani zinaondolewa na chembe kubwa zinazokuja baadaye, kwa sababu nguvu ya kushika inakua kwa mraba wa nusu kipenyo. Chembe ndogo zinaingia na kutoka, kubwa zinakaa. Chembe zenu zikiwa na mchanganyiko wa ukubwa, utando wa saa ya kwanza na utando wa kesho yake si kitu kimoja.

#31 Fundi_Mafinga
Nimetia tone la sabuni ya vyombo kwenye chupa yangu ya kaboni. Utando umepasuka palepale sabuni ilipogusa, ukakimbilia upande wa pili wa chupa, na baada ya kutikisa unga umesambaa wote kwenye maji, maji yamekuwa meusi. Nani ameshinda?

#32 Isyesye_Fizikia
Sabuni imeshusha mvutano na kuifanya grafiti ipende maji. Pembe.

#33 BintiWaGangilonga
Sabuni ya vyombo ina molekuli zenye chaji hasi zinazojibandika kwenye grafiti. Sasa grafiti ina chaji, na imeondoka mpakani. Chaji.

#34 Tukuyu_Mvua
Umesema *ilikimbilia upande wa pili*. Mkondo.

#35 Kitulo_Maabara
Ndiyo maana nataka jaribio ambalo litagusa kimoja bila kugusa vingine. Nilifikiria chumvi ya mezani badala ya spiriti: chumvi inafunika chaji, lakini mvutano kati ya maji na heksani haiubadilishi sana. Tatizo ni kwamba chumvi inaigeuza koloidi ya sitrati kuwa buluu ndani ya sekunde chache, kabla mpaka haujapata chochote.

#36 Mkwawa_Kemia
Geuza utaratibu. Weka koloidi na heksani kwanza, anza kutikisa, na chumvi iingie wakati matone tayari yapo, ili mpaka uwe karibu na kila chembe. Anza na chumvi kidogo sana, na uwe na chupa ya pili iliyotiwa chumvi hiyohiyo bila heksani, uone ni wakati gani inageuka buluu peke yake. Utando ukitokea kwenye ya kwanza kabla ya ya pili kubadilika rangi, chaji peke yake inatosha. Usipotokea, Isyesye_Fizikia atakuwa na la kusema.

#37 Isyesye_Fizikia
Nitakuwa nalo hata ukitokea. Na vyombo visioshwe kwa sabuni, maana mmeona ya Fundi. Visuuzwe kwa ethanoli, kisha maji yaliyotoneshwa mara kadhaa, la sivyo mtapima sabuni mkidhani mnapima chumvi.

#38 Kitulo_Maabara
Maabara inafunguliwa Jumatatu, na chumvi ya dhahabu iliyobaki inatosha koloidi ya chupa mbili ndogo. Nitaleta picha za chupa zote mbili zikiwa mbele ya karatasi nyeupe.